Watoto wanashuka katikati ya magari: dereva wa basi la shule afanye nini?

"Naendesha basi la shule mjini, viti arobaini na kitu, mlango mmoja wa mbele, nina matroni mmoja. Kuna kituo kimoja kinaninyima raha. Ukingo wa barabara umejaa magari yaliyoegeshwa tangu asubuhi, kwa hiyo nasimama sambamba nayo, njiani kabisa, nawasha hazadi, na watoto sita wanashuka wakipenya kati ya magari hayo. Wawili wanakaa ng'ambo, mmoja ni wa darasa la kwanza. Hao nawaangalizia kioo, nikiona pasafi nawapungia mkono, wanavuka mbele ya basi. Juzi nimempungia yule mdogo, pikipiki ikachomoka ubavuni mwangu kutoka nyuma, ikamkosa kwa upana wa kiganja. Meneja wa usafiri ameniambia niongeze umakini. Mama wa mtoto anataka niwe naingia kwenye kichochoro chao na kutoka kwa rivasi ili nimshushe mlangoni kwake. Nimeendesha mabasi makubwa miaka mingi bila ajali. Nakosea wapi, na nifanye nini?"

Ndugu dereva, pole sana kwa mshtuko huo, na heri mtoto yuko salama. Kama nimekuelewa vizuri, kinachokuuma ni hiki: ulifanya yote unayoyajua, ulitazama kioo, uliwasha taa, na bado mtoto alikaribia kugongwa mbele ya macho yako. Kisha ukaambiwa uongeze umakini, kana kwamba umakini ndio uliokosekana. Mimi nakwambia ulikuwa makini. Kibaya ni mahali unaposimama, na ile ishara ya mkono. Viwili hivyo vikibaki kama vilivyo, hata uwe na macho manne, kituo hicho kitaendelea kukutisha.

Kuna jambo ambalo madereva wanaotoka kwenye mabasi ya kawaida mara nyingi hawaambiwi wanapokabidhiwa basi la shule. Mtoto akiwa ndani, ameketi, yuko katika moja ya sehemu salama zaidi barabarani. Hatari yake inaanza anapokanyaga ngazi ya mwisho. Idara ya elimu ya jimbo la Kansas, Marekani, imekuwa ikikusanya tangu mwaka 1970 taarifa za watoto wanaokufa nchini humo wakati wa kupanda na kushuka basi la shule, na mambo mawili yamekuwa yakijirudia humo: wengi ni wadogo wa madarasa ya mwanzo, na sehemu kubwa yao waliuawa na basi lao wenyewe, si na gari lililokuwa linapita. Kwa hiyo itabidi tuzungumzie pikipiki iliyokutisha, lakini pia basi ulilolikalia.

Tuanze na pikipiki. Ulitazama kioo, pakawa pasafi, ukapunga. Hebu fuata kilichotokea baada ya hapo. Mtoto yuko mlangoni, upande wa ukingo. Anatembea hadi mbele, anazunguka bumpa, anakatiza upana wa basi, ambao ni kama mita mbili na nusu, ndipo anatokeza upande wa pili. Kwa hatua za mtoto wa darasa la kwanza mwenye begi mgongoni, hiyo ni safari ya sekunde tano hivi. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa inakata mita 11 kila sekunde. Katika sekunde hizo tano imekata mita 55. Wakati unatazama kioo ilikuwa mbali nyuma, pengine imefichwa na gari jingine, pengine bado haijakunja kona. Ulichokiona kilikuwa cha kweli, ila kilishapitwa na wakati mtoto alipofika mahali pa hatari.

Na aliyekuwa kwenye pikipiki? Mbele yake kuna basi lenye urefu wa mita kumi. Mtoto hamwoni mpaka anapochomoza kwenye kona ya bumpa. Kwa mwendo huo anahitaji karibu mita 20 kusimama kwenye lami kavu: 11 za kushtuka na kufikia breki, tisa hivi za breki yenyewe. Alikuwa na mita mbili tatu. Simtetei, kulipita basi la shule lililosimama bila kupunguza mwendo ni uzembe. Ninachosema ni kwamba hata mpanda pikipiki mwenye adabu zote asingeweza kusimama. Kama usalama wa mtoto unategemea mtu huyo afanye kisichowezekana, basi mpangilio wenyewe ni mbovu.

Sasa huo mkono. Mtu mzima akipungiwa na dereva anaelewa kwamba dereva huyo amempisha, na bado atageuza shingo kabla ya kuvuka. Mtoto wa miaka sita anaelewa jambo moja tu: dereva amesema nivuke. Anaacha kutazama kwa sababu mtu anayemwamini ameshatazama kwa niaba yake. Watoto wa umri huo bado hawajaweza vizuri kukadiria kasi ya chombo kinachokuja wala umbali wake, na akili yao hushika kitu kimoja kwa wakati: akimwona mama yake ng'ambo, barabara imeshatoweka. Kinga pekee aliyonayo ni mazoea ya kusimama na kutazama, na ishara yako inamwondolea hata hiyo. Tena unaitoa kwa niaba ya watu usio na amri nao, walio nyuma yako na wanaokuja mbele. Naomba uiache kuanzia kesho, kabla hata hujaanza kubishana na meneja kuhusu kituo.

Najua utasema umeona madereva wa mabasi ya shule wakifanya hivyo kwenye video za mafunzo. Ni kweli, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, maana video nyingi zinazozunguka kwenye simu ni za Marekani na Kanada. Kule basi la shule lina taa nyekundu zinazomweka na ubao wa kusimama unaofunguka ubavuni. Zikiwaka, sheria inayataka magari yasimame, yanayotoka nyuma na yanayokuja mbele. Mara nyingi yanayosamehewa ni yale ya upande wa pili wa barabara iliyogawanywa katikati. Ndani ya utaratibu huo ndipo dereva anampa mtoto ishara, na mtoto anavuka akiwa mita tatu au zaidi mbele ya bumpa, mahali anapoonekana mwili mzima. Uingereza hakuna sheria kama hiyo. Basi la shule likisimama kushusha linaruhusiwa kuwasha hazadi, lakini hazimlazimishi mtu yeyote kusimama. New Zealand imechukua njia ya kati: anayelipita basi la shule lililosimama kupandisha au kushusha watoto, awe anatoka upande wowote, hatakiwi kuzidi kilomita 20 kwa saa.

Unaona sasa: taa zinazomweka zinabeba maana tofauti kulingana na sheria iliyo nyuma yake. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujua sheria ya mahali unapoendesha inasema nini kuhusu gari linalolipita basi la shule. Usichukue ya kusikia kwa wenzako. Muulize askari wa usalama barabarani au ofisi inayotoa leseni. Kama sheria hailazimishi magari kusimama, hazadi zako zinawaambia watu "kuna kitu hapa" na si zaidi, na wengi wanatafsiri kuwa basi limeharibika, wapite haraka. Zina kasoro nyingine ambayo madereva wanaisahau: kwenye magari mengi, hazadi zikiwa zinawaka huwezi kuonyesha indiketa ya kuondoka. Aliye nyuma hajui kama unangoja au unataka kujitosa.

Tena usidhani kwamba sheria kali ingemaliza kazi. Mwaka 2019 madereva wa mabasi ya shule wapatao 130,000 katika majimbo 39 ya Marekani walihesabu kwa siku moja magari yaliyowapita taa nyekundu zikiwaka. Yalikuwa zaidi ya 95,000. Siku moja. Ndiyo maana nina wasiwasi na wenye mabasi wanaofunga ubao wa kusimama mahali ambapo sheria haiutambui. Magari hayasimami, lakini mtoto anaamini yatasimama, na dereva naye anaanza kuamini hivyo.

Nije kwenye ukingo. Kusimama njiani sambamba na magari yaliyoegeshwa kunawapeleka wale watoto sita wote, hata wasiovuka, kwenye njia ya magari. Wanakanyaga lami, wanapenya kati ya bumpa mbili. Gari lililoegeshwa linaweza kuwashwa na kurudi nyuma hatua moja, na aliye ndani yake hana jinsi ya kumwona mtoto aliye chini ya kioo chake cha nyuma. Halafu pale kati ya basi na magari yale kuna uwazi. Uwazi wa mita moja ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu baiskeli na pikipiki zinauona kuwa ni njia, nao unapita mbele ya mlango wako uliofunguka. Basi la shule linatakiwa lisimame ubavu ukiwa umebana ukingo, pasipite hata baiskeli, na mtoto atoke kwenye ngazi akanyage njia ya waenda kwa miguu moja kwa moja.

Ila ukiingia kwenye ukingo, ingia kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kioo chako cha pembeni kinaning'inia nje ya ubavu na kinapita juu ya njia ya miguu. Watoto wanaosubiri asubuhi wakisukumana ukingoni, kinawafikia kabla ya bumpa. Wafundishwe kusubiri hatua tano kubwa nyuma ya ukingo, na wasisogee mpaka mlango umefunguka na wewe au matroni amewaita. Simama basi likiwa limenyooka sambamba na ukingo, mkia usibaki umetokeza njiani.

Basi lenyewe sasa, sehemu ambayo hukuiuliza na ambayo mimi inaniogopesha zaidi. Wewe umekaa juu. Mtoto wa miaka sita ana urefu wa mita moja na sentimita kumi na kitu. Kama basi lako lina boneti ndefu, anaweza kusimama hatua mbili tatu mbele ya bumpa na usimwone kabisa. Kama lina uso bapa unamwona kwa karibu zaidi, lakini akiinama kuokota daftari lililomponyoka, anapotea kwenye basi lolote lile. Fundisho la kawaida kwa madereva wa Marekani ni kuhesabu mita tatu kuzunguka basi lote kuwa eneo la hatari, na ubavuni, kutoka mlangoni hadi tairi la nyuma, ndipo pabaya zaidi.

Mtoto ameshuka, anatembea kuelekea nyuma ya basi, akiambaa ubavuni. Wewe umefunga mlango, macho yameshakwenda kwenye kioo cha upande wa pili kutafuta nafasi ya kuingia barabarani. Karatasi yake inapeperuka chini ya basi. Anainama. Basi linaondoka, na likikata kona tairi za nyuma hazifuati njia ya tairi za mbele, zinakata ndani zaidi. Wakati huohuo sehemu ya mkia iliyo nyuma ya tairi za nyuma inabembea kwenda upande wa pili, kwa hiyo ukikata usukani wote kutoka ukingoni, mkia unafagia juu ya njia ya waenda kwa miguu. Mtoto aliye karibu anaweza kupigwa na mkia au kuingia chini ya tairi, na wewe usisikie chochote zaidi ya kama umepita kwenye tuta dogo.

Fanya jaribio hili basi likiwa limeegeshwa uani, breki zimefungwa. Kaa kwenye kiti chako kama unavyokaa siku zote. Mwambie matroni achukue ndoo, aisimamishe mbele ya bumpa, kisha aisogeze mbele taratibu mpaka useme umeiona. Atie alama ya chaki hapo. Arudie kwenye kona zote nne na ubavuni, kila mara ukitafuta ndoo kwa macho na kwa vioo. Ukishuka utaikuta chaki imechora umbo kuzunguka basi lako, na ndani ya umbo hilo mtoto aliyechuchumaa haonekani. Ukiona kwamba vioo vilivyopo vinaacha eneo kubwa mbele, dai kioo cha mbinuko cha mbele kinachoonyesha bumpa. Vioo vya mbinuko vinaonyesha eneo pana, ila kila kitu humo kinaonekana kidogo na cha mbali kuliko kilivyo, kwa hiyo vitumie kujua kama kuna mtu, usivitumie kukisia umbali wake. Na nguzo zilizo kando ya kioo cha mbele zinaweza kumficha mtu mzima. Kabla ya kuondoa basi inamia mbele kwenye usukani, kisha egemea nyuma, utazame pande zote mbili za nguzo.

Nguo na mabegi pia. Marekani, miaka ya 1990, watoto kadhaa walikufa kwa sababu kamba ya koti au begi ilinasa kwenye reli ya kushikia ya mlangoni wakati wanashuka, basi likawaburuta, na mabasi mengi yakarudishwa kurekebishwa reli hizo. Chukua uzi wenye nati iliyofungwa mwishoni, uburuze kwenye reli yako kuanzia juu hadi chini. Ukinasa mahali, fundi aparekebishe kabla ya safari inayofuata.

Kuhusu ufumbuzi, nitakupa maoni yangu kwa mpangilio ninaoupendelea, na kasoro zake.

Lililo bora ni kubadili mwelekeo wa njia ili wale wawili washukie upande wa kwao. Mara nyingi inawezekana kwa kulizunguka eneo kwa upande mwingine au kukipitia kituo hicho wakati wa kurudi badala ya wakati wa kwenda. Gharama yake ni dakika za ziada na watoto wengine kukaa ndani muda mrefu. Mimi naona ni gharama halali. Mtoto asiyevuka barabara hagongwi akivuka.

La pili ni kukihamisha kituo. Tembea kwa miguu mita mia moja, mia mbili, kila upande, saa ileile ya kushusha, utafute ukingo ulio wazi wenye urefu wa basi lako na zaidi kidogo, mbali na kona na kilele cha mlima, mahali ambapo dereva anayekuja anaona basi mapema. Geti la taasisi lenye eneo la kuingilia linaweza kufaa kama wenyewe wakikubali kwa maandishi. Wazazi watalalamika kwamba wanatembea zaidi. Waonyeshe mahali mtoto anapokanyaga sasa, na wengi wataacha kulalamika.

Kuomba mamlaka ya jiji iweke alama za kukataza maegesho ukingoni ni ombi zuri na ulianzishe, ila linachukua muda, na rangi peke yake haiondoi magari kama hakuna anayeisimamia. Usilitegemee kwa wiki hii.

Lipo la matroni kuwavusha watoto kwa mkono. Ni afadhali mara nyingi kuliko ulivyokuwa unafanya, na kama kuvuka hakuepukiki leo au kesho, litumie. Lakini fahamu mipaka yake. Mahali pengi matroni hana mamlaka ya kusimamisha magari, kwa hiyo anasubiri nafasi kama mtu mwingine yeyote. Anahitaji fulana inayong'aa. Na akiwa barabarani na wawili, waliobaki ndani wako peke yao na wewe. Asivuke nao mbele ya basi lililosimama. Penye sheria isiyosimamisha magari, mpango salama zaidi ni mtoto ashuke, asimame kwenye njia ya waenda kwa miguu akiwa ameshikwa mkono na mtu mzima, basi liondoke kabisa, kisha wavuke barabara inapoonekana pande zote. Hapo ndipo mzazi anapotakiwa kuwepo: upande wa mlango wa basi, si ng'ambo. Mama anayesubiri ng'ambo akipunga mkono anamvuta mtoto barabarani bila kukusudia. Mwambie hivyo kwa upole, maana hajui. Asipokuwepo mtu mzima, mtoto wa darasa la kwanza abaki ndani, mmpigie mzazi simu, na shule iwe na utaratibu unaojulikana wa kumrudisha.

Ombi lake la kuingia kichochoroni na kutoka kwa rivasi likatae. Nyuma ya basi ndipo pasipoonekana kabisa, na kichochoro cha makazi saa za kutoka shule kimejaa watoto, hata wasiokuwa wako. Kama kuna siku huna budi kurudi nyuma, kanuni ni moja: watoto wakae ndani. Asubuhi wapandishe kwanza ndipo urudi nyuma. Jioni rudi nyuma kwanza, unyooke, ndipo uwashushe. Na mtu mzima asimame nyuma akikuongoza, mahali unapomwona kwenye kioo; akipotea kiooni, simama.

Hata ukipata kituo kizuri namna gani, kuna utaratibu mmoja usiouruka. Kabla mlango haujafunguka: handibreki juu, gia huru. Tazama kioo cha upande wa mlango, kwa ajili ya pikipiki ya ukingoni, ndipo ufungue. Hesabu wanaoshuka kwa sauti: mmoja, wawili, watatu. Kisha wahesabu tena wakiwa wamesimama mahali salama, mita tatu na zaidi kutoka basini. Kama walioshuka ni sita, na unaowaona wamesimama ni watano, basi haliondoki. Usikisie kwamba wa sita ameshakimbilia nyumbani. Zima injini, chomoa ufunguo, shuka ukatazame mbele, nyuma na chini. Magari ya nyuma yatapiga honi. Yapige.

Kuhesabu huku ndiko kunakofunga safari pia: ukimaliza, tembea hadi kiti cha nyuma kabisa ukitazama chini ya viti. Japani, Septemba 2022, mtoto wa miaka mitatu alisahauliwa ndani ya basi la chekechea siku ya joto akafariki, na kuanzia Aprili 2023 mabasi ya chekechea nchini humo yakalazimika kufungwa kifaa kinachomtaka mhusika akague ndani kabla ya kuondoka. Wewe huhitaji kifaa ili utembee hatua kumi.

Meneja wako usimwendee kwa lawama. Andika karatasi moja: tarehe, saa, kituo, kilichotokea, na sentensi mbili za mwisho zisomeke hivi, "Kituo hiki kinawashusha watoto kwenye njia ya magari na kinawalazimu wawili kuvuka. Naomba kibadilishwe, na mpaka kitakapobadilishwa nitawashusha mahali fulani." Taja mahali hapo, ulipopakagua mwenyewe. Baki na nakala, nyingine ipe shule. Tukio la juzi likibaki maneno ya mdomo, baada ya wiki tatu litakuwa limesahauliwa na wote isipokuwa wewe na mtoto yule.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Nenda ukapimwe macho kama ni zaidi ya mwaka tangu upimwe, hasa uwezo wa kuona pembeni na wakati wa giza la asubuhi. Kama baada ya tukio lile unashtuka usiku, mkono unatetemeka ukikaribia kituo, au unajikuta unaikwepa barabara hiyo, omba siku za kupumzika na uongee na daktari. Mshtuko wa namna hiyo unapunguza uamuzi wa dereva na unatibika. Na kituo chenyewe kinahitaji macho ya mtu anayeweza kukiamulia. Muombe askari wa usalama barabarani au mhandisi wa barabara wa jiji aje asimame hapo, pamoja na meneja wako. Asije saa nne asubuhi barabara ikiwa tupu. Aje dakika ileile watoto wanaposhuka. Msimamishe kwenye kona ya bumpa ya mbele, upande wa magari, mwambie achuchumae mpaka afikie kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, kisha atazame nyuma aone ni umbali gani pikipiki inaanza kuonekana.